Mapumziko ya Dominika Nyumbani



Leo twatazama Amri ya tatu ya Mungu, inayotuagiza kuitakasa siku ya Bwana. Sehemu yake ya kwanza mwaijua: kusikiliza Misa. Sehemu ya pili, yaani kupumzika, yatutatiza zaidi, kwa kuwa kwetu jembe na biashara ni sifa, na mtu aliyeketi hudhaniwa mvivu.

Tazameni nyumba moja alasiri ya Dominika. Babu ameketi na kikombe chake cha kasiksi; atamani kuwasimulia wajukuu hadithi kwa Kinande, kama wazee walivyomfundisha yeye katika ekyaghanda. Wajukuu wampenda, lakini hadithi hiyo wameisikia mara nyingi, na kiwanjani mpira umekwisha kuanza. Mmoja ameinamia simu. Baba ahesabu moyoni magunia ya viazi ya kupeleka sokoni kesho. Wote wafurahi kuwa pamoja, tena wote wana uchungu kidogo: mzee aona amesahauliwa, vijana waona wamefungwa. Na mama? Mama yuko jikoni, atwanga sombe ili wote wale.

Je, nyumba hiyo imeitimiza amri? Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 5. Mungu hamwagizi mwenye nyumba peke yake apumzike. Amtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, hata ng'ombe na punda. Tena awakumbusha Waisraeli kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Maana yake ni wazi: pumziko linalomwacha mmoja chini ya mzigo halijatimia. Ikiwa punda amehesabiwa, mama asihesabiwe?

Basi, vijana, wavulana kwa wasichana, chukueni mchi, choteni maji, osheni vyombo, ili mama naye aketi. Wazee, waacheni watoto waende mpirani kwa heri, bila manung'uniko. Wakirudi, waulizeni nani alishinda. Atakayesikilizwa habari zake, naye atakuwa na masikio ya hadithi. Na kikombe kisizidi kipimo, maana mlevi hapumziki wala hawapumzishi wenzake.

Msiahirishe jambo hili. Tangu mwaka 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu wengi mashambani mwao. Kuanzia Agosti 2018 hata Juni 2020, Ebola ilitukataza hata kushikana mikono. Nyumba nyingi zina kiti kitupu. Hadithi inayomchosha mjukuu leo, kesho aweza kuitafuta asimwone wa kuisimulia.

Maswali ya kujibu nyumbani:
1. Amri ya tatu yataka nani apumzike?
2. Katika nyumba yetu, ni nani asiyepumzika siku ya Dominika?
3. Dominika ijayo, nani atashika kazi yake?

Mungu awabariki, wakubwa kwa wadogo.