Kioo Kikiwa Kibovu

Kuna swali gumu kuliko yote: mimi ni nani? Uso wangu nauona kiooni. Nafsi yangu nitaionea wapi?

Mwaka 1902 mwanazuoni wa Marekani, Charles Horton Cooley, alijibu kwamba kioo cha nafsi ni watu. Twajiona vile tudhanivyo wenzetu wanatuona. Nakubaliana naye, lakini nauliza: kioo kikiwa kibovu, je?

Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, waliwaonyesha watoto weusi wa Marekani wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza yupi mzuri. Wengi walimchagua mweupe. Walipoulizwa yupi anafanana nao, wengine waliangua kilio. Watoto wale hawakuwa na kasoro; kasoro ilikuwa ya jamii iliyowabagua. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliitaja kazi ya Clark ilipoamua kuwa kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha Katiba.

Hapa ndipo ninapoona faida ya falsafa. Sokrate aliwahoji watu wa Athens juu ya mambo waliyoyaona dhahiri. Nasi tukihoji kioo kabla ya kukiamini.

Tena, nasi tu vioo. Mtoto aitwaye mjinga asubuhi na jioni, mwishowe huitika. Mzazi, mwalimu, wewe wamwonyesha mtoto sura gani?