Kabla ya Kulipa Kodi, Tembea Njia

Ndugu wanachama, wengi wetu tufanyao kazi Industrial Area ya Nairobi twaenda kwa miguu. Basi mwenye watoto wadogo atafutapo nyumba asiulize kodi peke yake. Nyumba ya mbali ni rahisi, lakini nauli humeza nafuu ile, na baba hurudi watoto wamekwisha lala.

Twawaomba mtembee njia ile wenyewe, alfajiri na tena usiku. Je, taa zipo? Mama atokaye zamu ya usiku atapita wapi? Mtoto aendaye shule atavuka barabara gani? Huko Outer Ring, daraja la miguu likiwa mbali, watu hukimbia katikati ya magari. Hapo sisi hatuchukui chumba, hata kwa nusu ya bei.

Tena utazameni mto. Mwaka 2024 mafuriko yaliingia Mukuru na Mathare, kisha Serikali ikabomoa nyumba za ukingoni.

Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa, au posho ya kutosha kuipanga. Tutaidai. Mleteeni katibu wa tawi hesabu ya kodi na nauli zenu kabla ya mwisho wa mwezi.