Korosho Ni Zako, Jina Ni la Nani?



Ukitoka Maili Moja pale Kibaha ukiifuata barabara ya Morogoro kuelekea Mlandizi, malori huanza kupunguza mwendo yanapokaribia Misugusugu. Hapo Mamlaka ya Mapato ina kituo cha kukagua mizigo inayovuka nchi. Na palipo na lori lililosimama, pana dereva mwenye njaa na utingo mwenye kiu. Ndiyo maana barabara hii ina maji baridi, mihogo, mayai ya kuchemsha, korosho za pakiti, na asali iliyotiwa kwenye chupa ambayo juzi ilikuwa na kitu kingine kabisa.

Jioni hii nina neno kuhusu pakiti ya korosho.

Tuseme kuna mama anayekaanga korosho kwa chumvi na kuzifunga kwenye mifuko yenye karatasi ya njano. Madereva hawalijui jina lake, wanaijua njano. "Mama, nipe zile za njano." Msikilizaji, hiyo tayari ni alama ya biashara, hata kabla ya wakili na kabla ya fomu yoyote. Halafu siku moja ng'ambo ya barabara inatokea pakiti nyingine ya njano. Bei imepungua kidogo, na nusu ya korosho zimeungua. Dereva anainunua akiwa mbioni, anaifungua akiwa Chalinze, anatukana. Anamtukana nani? Yule mama wa kwanza.

Mwambie sasa mama huyu kwamba jina lake halina ulinzi. Atakushangaa, kisha atakuletea bahasha. Humo mna leseni ya biashara ya halmashauri na namba ya mlipakodi. Mna cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kama amepitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, huenda pia ana alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Kama amewahi kupeleka mzigo supamaketi, pakiti yake ina bakodi inayoanza na 620, tarakimu za Tanzania. Bahasha imenona.

Lakini kila karatasi humo inamlinda mtu mwingine. Leseni inailinda halmashauri ijue nani anauza nini. Namba ya mlipakodi inailinda hazina. Alama ya TBS inamlinda mlaji asile kitu kibovu. Bakodi inamsaidia mwenye duka kuhesabu mali yake. Mwenye korosho mwenyewe bado hajalindwa na yeyote.

Cheti cha jina la biashara ndicho kinachowapoteza wengi, nami siwalaumu. Kimetoka BRELA, na kina jina lako pamoja na jina la duka. Lakini sheria ya majina ya biashara iliwekwa ili umma ujue nani yuko nyuma ya jina, ili anayekudai akupate. Haimzuii mtu wa Visiga, hapo jirani, kubandika jina hilohilo kwenye pakiti yake. Kinachomzuia ni cheti kingine, cha alama ya biashara, kinachotolewa na BRELA hiyohiyo chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Wakala ni mmoja, mfumo wa mtandaoni ni mmoja, na namba ya kitambulisho cha NIDA unayojazia ni moja. Ni rahisi mno kutoka na karatasi moja ukidhani umetoka na zote. Hapa nawadai kidogo wale wanaotuhimiza kila siku turasimishe biashara. Mkishatuandikisha kwa ajili ya kodi na leseni, msiondoke mapema hivyo. Tuambieni na hili.

Basi mama anakata shauri kusajili alama. Anataka kusajili nini? "Korosho Tamu Misugusugu." Hapo ndipo tatizo linapoanza. Korosho ni jina la bidhaa, tamu ni sifa ambayo kila muuzaji anaitaka, na Misugusugu ni mahali petu sote. Sheria inataka alama itofautishe mali ya mtu mmoja na ya mwingine. Jina lililoundwa kwa maneno ambayo kila jirani anayahitaji halitofautishi.

Anayedhani huu ni ukorofi wa maofisa akumbuke kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba huko kwao kusajili neno Kikoy, kwa herufi ya y mwishoni, liwe alama yake ya biashara. Watu wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft la hukohuko Uingereza, wakaweka pingamizi, na kufikia mwaka 2008 ombi lilikuwa limekufa. Pwani nzima tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kanuni iliyokiokoa kikoi kisifungiwe kabatini na mtu mmoja ndiyo hiyo inayomnyima mama yetu haki ya kuifungia Misugusugu. Anachotakiwa ni jina ambalo hakuna mwingine anayelihitaji ili auze korosho. Jina la utani la bibi yake. Jina la ndege. Neno alilolibuni mwenyewe. Na ile njano, kwa mpangilio wake maalumu na mchoro wake, iingie ndani ya nembo.

Kuna watu waliokasirika sana mwaka 2018 waliposikia kwamba Disney inamiliki "Hakuna Matata" nchini Marekani. Ilikuwa imeisajili tangu mwaka 2003, kwa ajili ya nguo. Hasira ile naielewa, maana maneno ni yetu. Ila wengi walidhani sasa hata kuyatamka ni kosa, kumbe alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, 45 kwa jumla, na nguvu yake haivuki daraja kirahisi. Korosho za kukaanga ziko daraja la 29. Asali iko la 30. Mgahawa uko la 43. Mama akisajili korosho peke yake, kisha kesho akaanza kuuza asali kwa nembo ileile, asali hiyo imesimama nje ya uzio. Na kila daraja lina ada yake, kwa hiyo asisajili ndoto. Asajili anachouza, na kile anachojiandaa kwa dhati kukiuza.

Ombi likikubaliwa hutangazwa, na yeyote mwenye neno ana siku 60 za kupinga. Likipita, ulinzi unahesabiwa tangu siku ulipowasilisha ombi, kwa miaka 7, kisha unauhuisha kwa miaka 10 kila mara.

Je, asiyesajili hana pa kukimbilia? Anapo. Mahakama zetu zinaitambua haki ya mfanyabiashara kumshtaki anayepitisha mali yake kana kwamba ni ya mwenzake. Lakini itabidi uthibitishe kwamba wateja wanakujua kwa alama hiyo, kwamba wamedanganyika, na kwamba umeumia. Nani atakuja kutoa ushahidi? Dereva aliyeko Lubumbashi? Mwenye cheti anaanza kesi akiwa mbele zaidi. Hata akienda Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na kukamata bidhaa bandia, anakwenda na kitu mkononi.

Nisieleweke kwamba kila mwenye beseni akimbilie BRELA kesho asubuhi. Sidhani hivyo. Wakati umekaa nyuma ya beseni lako, uso wako unatosha. Mteja akilaghaiwa anakuona, mnasemezana, mnayamaliza. Mambo yanabadilika siku katoni ya kwanza inapokwenda dukani Mlandizi au Ubungo bila wewe. Kuanzia hapo nembo ndiyo inayosema kwa niaba yako, na ndipo ada ile inapokuwa na maana.

Kabla ya siku hiyo kuna jambo moja lisilohitaji ofisi ya serikali, nalo ndilo ninaloliona likipuuzwa kuliko yote: faili la nembo. Wengi wetu tunamwachia kijana wa Kariakoo atuchoree lebo na kuichapa, tunalipa, tunabeba stika zetu, tunaondoka. Faili linabaki kwenye kompyuta yake. Yule wa ng'ambo ya barabara naye akienda kwa kijana huyohuyo, kazi imerahisishwa, inabadilishwa namba ya simu tu. Na sheria ya hakimiliki, ile ya mwaka 1999, huanza kwa kumtazama aliyechora. Kwa hiyo mwombe faili, na andikianeni karatasi: mimi fulani nimemchorea fulani, nimelipwa, haki zote za mchoro nimemkabidhi. Sahihi mbili na tarehe. Mchapaji anayekataa kuandika hivyo amekuambia jambo la maana.

Na wale wanaopeleka mzigo Unguja wasikilize hili. Ulinzi wa cheti cha Bara unaishia bandarini Dar es Salaam. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani, ya mwaka 2008, na wakala wake, BPRA. Korosho zikishapanda boti, maombi yanaanza upya upande wa pili wa maji.