Kurudi Baada ya Kupona

Somo: Luka 17:11–19



Katika somo letu watu kumi wenye ukoma walitakaswa wakiwa njiani, lakini mmoja tu ndiye aliyerudi. Leo twataka kusema na baba zetu, pamoja na mama na watoto wao, juu ya kurudi.

Mzee mmoja wa kanisa letu alisumbuliwa na mkojo. Usiku aliamka mara nyingi, na haja ilitoka kwa shida. Daktari aliona kwamba tezi dume imekua, akampasua. Mzee alipona, akatoa sadaka ya shukrani, nasi tukampigia makofi. Hakurudi tena hospitali. Miaka ikapita, mgongo ukaanza kumwuma. Akadhani ni uzee na jembe. Alipopimwa, ilikuwa kansa ya tezi dume, nayo imekwisha kufika mifupani. Akauliza, "Si nilitolewa tezi hiyo?"

Ndugu wapenzi, wengi wetu hukosea hapo. Tezi hii imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mfereji wa mkojo. Ifikirieni kama chungwa. Anapotibu tezi iliyokua, daktari huondoa nyama ya ndani inayobana mfereji. Ganda la nje hubaki. Na kansa nyingi za tezi dume huanzia sehemu hiyo ya nje. Kukua kwa tezi si kansa. Lakini aliyetibiwa ugonjwa mmoja hakukingwa na mwingine. Tena kansa hii mara nyingi huanza kimya, bila maumivu yoyote.

Basi, baba, uliza majibu ya nyama iliyotolewa. Mwulize daktari urudi lini kupimwa damu kwa kipimo kiitwacho PSA. Na kama wameza vidonge vya finasteride, mwambie kila daktari anayekupima. Baada ya miezi kadhaa dawa hiyo hushusha kipimo hicho karibu nusu, na hatari yaweza kujificha nyuma ya namba ndogo.

Mzee wetu anaendelea kutibiwa, nasi twamwombea. Lakini twajilaumu. Siku ile ya makofi hakuna aliyemwuliza, "Baba, utarudi lini kwa daktari?" Tuliona haya kutaja jambo la mkojo kanisani, hali Mungu hakuona haya kuuumba mwili wote.

Yule mmoja wa somo letu hakurudi kwa kuutilia shaka uponyaji wake. Alirudi kwa shukrani. Nasi tukiutunza mwili tuliorudishiwa, hiyo nayo ni shukrani.

Tuombe. Ee Bwana, wape baba zetu moyo wa kurudi, nasi utupe kinywa cha kuwauliza kwa upendo. Katika jina la Yesu. Amina.