Mefiboshethi aliyebaki mjini

Somo: 2 Samweli 16:1-4 na 2 Samweli 19:24-30

Fungueni kitabu cha pili cha Samweli, mtie kidole hapo, tutafika.

Kwanza niseme na vijana, na wazazi wanivumilie. Watoto wetu wanaangalia hizi filimu ndefu za vipande wanazoziita seri. Hata nyumba isiyo na televisheni, mtoto anajaziwa seri kwenye kadi ya telefone kwa franka chache. Moja bado inazungumzwa sana ingawa imekwisha: Game of Thrones, iliyoonyeshwa tangu 2011 hadi 2019, vipande 73, kutoka katika vitabu vya Mmarekani George R. R. Martin. Mwaka 2022 ikaanza dada yake, House of the Dragon. Mimi siwatumi mkazitafute. Ndani mna uchi, uchawi na damu nyingi, na Mkristo anayejua udhaifu wake anajua pa kukomea. Lakini nimewasikiliza vijana wa korali wakibishana baada ya mazoezi, na ubishi wao haukuwa juu ya yale majoka. Ulikuwa juu ya swali moja: nani mwaminifu, na nani atasaliti?

Duniani kote watazamaji wa seri hiyo walifanya hivyo. Mtu anaona jicho lililogeuka, barua iliyofichwa, neno lililosemwa nusu, anaviunganisha, anatoa hukumu: huyu atamuuza bwana wake. Wanaziita nadharia. Nyingine zilikuwa upuuzi mtupu. Nyingine zilikuwa na akili kuliko mahubiri ya baadhi yetu.

Nichukue moja. Kuna mzee anaitwa Ned Stark. Anarudi kutoka vitani na mtoto mchanga, anamwambia mke wake kwamba ni mtoto wake wa nje. Mama wa watu analibeba jeraha hilo miaka na miaka, na kila akimwona yule mtoto anakumbuka usaliti wa bwana wake. Wasomaji wa vitabu, tangu kile cha kwanza kilipotoka mwaka 1996, walianza kuokota dalili ndogo ndogo wakasema: hapana, huyu mzee hakuzini. Mtoto ni wa dada yake aliyekufa akimsihi amfiche, maana mfalme mpya alitaka kuumaliza ukoo wa baba yake. Mwaka 2016 seri ikaonyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Yule aliyeonekana msaliti nyumbani kwake ndiye aliyekuwa ameshika ahadi, na hakuweza kujitetea bila kumwua mtoto.

Nyingine iko katika msimu wa saba. Dada wawili wa nyumba hiyo hiyo, Sansa na Arya, wamekutana tena baada ya vita kuwatawanya. Karibu nao kuna bwana mmoja mwenye maneno matamu, wanamwita Littlefinger. Anatafuta barua ya zamani ambayo Sansa aliiandika akiwa bado msichana, akiwa amelazimishwa na maadui. Anaificha mahali ambapo Arya ataipata. Arya anaipata, nyumba inawaka moto. Bwana huyo pia anamfundisha Sansa mchezo wake: ukitaka kujua nia ya mtu, fikiria kwanza nia mbaya kuliko zote. Watazamaji wengi waliamini kwamba dada mmoja atamwua mwenzake. Tarehe 27 Agosti 2017 kikatoka kipande cha mwisho cha msimu huo: Sansa anamwita Arya mbele ya wakuu wote, kila mtu anashika roho, kisha anageuka na kumshitaki yule aliyekuwa akipeleka maneno. Naye ndiye aliyekuwa amemsaliti baba yao tangu mwanzo.

Sasa, sisi wasomaji wa Biblia tusijifanye watu wengine. Nasi tuna nadharia zetu. Chukua Ahithofeli, mshauri mkuu wa Daudi, ambaye maneno yake yalihesabiwa kama ya mtu aliyemwuliza Mungu. Absalomu anapoasi, Ahithofeli anamfuata. Kwa nini? Biblia haisemi. Lakini wako wanaosoma kwa makini: 2 Samweli 11:3 inamtaja baba ya Bathsheba, Eliamu. Ukienda 23:34 unamkuta Eliamu mwana wa Ahithofeli. Wakaunganisha: basi Ahithofeli alikuwa babu ya Bathsheba, na alikuwa akilipiza kisasi cha mjukuu wake na cha Uria! Ni nadharia nzuri, na pengine ni kweli. Pengine pia ni watu wawili wenye jina moja, kama hapa kwetu akina Amani walivyo wengi.

Nadharia ya namna hii haimwumizi mtu. Ned Stark hana watoto wanaosoma Ndosho. Ahithofeli hana parsele ambayo mtu anaitamani. Neno linakuwa zito linapomhusu mtu aliye hai.

Toeni sasa kidole, tusome habari ya Mefiboshethi. Ni mwana wa Yonathani, mjukuu wa Sauli. Akiwa na miaka 5 habari mbaya zilifika kutoka vitani, mlezi wake akambeba wakakimbia, na katika kukimbia mtoto akaanguka akalemaa miguu yote miwili. Iko katika sura ya 4. Mama wa Goma hahitaji kuelezwa habari hiyo. Waliobeba watoto mgongoni usiku wa Nyiragongo, Januari 2002 na tena Mei 2021, wanajua mtoto anavyoponyoka mikononi gizani. Daudi alipotawala alimtafuta, akamrudishia mashamba ya babu yake, akampa nafasi kwenye meza yake.

Kisha Absalomu anaasi na Daudi anaukimbia mji kwa miguu, akilia, akipanda mlima. Amepita kidogo kilele, anakuja Siba, mtumishi wa Mefiboshethi. Ana punda wawili waliotandikwa, mikate 200, vichala 100 vya zabibu kavu, matunda na kiriba cha divai. Hebu fikiri: mfalme ana njaa, watoto wake wana njaa, na huyu analeta mkate. Mfalme anauliza, bwana wako yuko wapi? Siba anajibu kwamba amebaki Yerusalemu, anatumaini kwamba leo Israeli watamrudishia ufalme wa babu yake.

Daudi hakuuliza shahidi. Hakusema, tukirudi tutasikiliza. Pale pale barabarani alimpa Siba mali yote ya Mefiboshethi, kwa sentensi moja.

Mngojee sasa hadi sura ya 19. Vita vimekwisha, mfalme anarudi, na Mefiboshethi anashuka kumlaki. Hakuosha miguu, hakukata ndevu, hakufua nguo tangu siku mfalme alipoondoka. Daudi anamwuliza kwa nini hakuenda naye. Anasema: mimi ni kilema. Nilitaka nitandikiwe punda niende na mfalme, mtumishi wangu akanidanganya, kisha akanisingizia kwako.

Wale punda wawili, basi, walikuwa wa nani?

Walimu wa Kiyahudi wa kale walibishana juu ya jambo hili, na ubishi wao uko katika Talmudi. Mmoja, Rav, alisema kwamba Daudi alikubali masingizio, na akaona katika kosa hilo mbegu ya ufalme kugawanyika baadaye. Mwenzake Shmuel akamtetea mfalme, akisema kwamba Daudi alikuwa ameona dalili kwa Mefiboshethi mwenyewe. Wasomaji wengine hadi leo wanasema kwamba ndevu chafu zinaweza kuwa mchezo wa kuigiza. Mimi naamini kilema alisema kweli. Lakini naamini hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti, baada ya kusoma sura zote mbili. Daudi alihukumu akiwa na sura moja tu.

Ndugu zangu, mwishoni mwa Januari 2025 mji huu ulipobadilika mikono, kila nyumba ilifanya hesabu yake usiku mmoja. Wako waliovuka Grande Barrière. Wako waliopata boti ya Bukavu, na Bukavu nayo ikashikwa katikati ya Februari. Wako waliofika Kinshasa. Na wako waliobaki: mwenye mama mgonjwa kitandani, mwenye duka lake Birere ambalo ndilo shamba lake, mwalimu asiye na nauli, na yule ambaye amekwisha kukimbia mara nyingi katika maisha yake akasema basi, sikimbii tena. Redio hii si mahakama na mimi si mtu wa siasa. Ninasema tu ninayosikia vinywani mwa watu wa Mungu. Walio mbali wanasema: waliobaki walikuwa wakingoja siku hiyo. Waliobaki wanasema: waliokimbia walituacha, mioyo yao haikuwa hapa. Orodha za majina zinapita katika telefone. Mtu anasikia jina la jirani yake, anaongeza lake, anatuma mbele. Mama anaimba na korali miaka mingi, leo benchi lake lina nafasi kushoto na kulia kwa sababu ya jina la babu yake au namna anavyotamka neno.

Kwa hiyo someni pia 15:19-22. Siku ile ile ambayo Ahithofeli, Mwisraeli wa kikao cha ndani, alimwacha mfalme, mgeni mmoja kutoka Gathi, mji wa Goliathi, alikataa kumwacha. Anaitwa Itai. Daudi mwenyewe alimwambia arudi, maana alikuwa amefika juzi tu. Akakataa. Aliapa kwamba atakuwa na mfalme, kwa kufa au kwa kupona. Ungewapa watu wa Yerusalemu kazi ya kubuni nani atasaliti, wangeanza na Itai, kwa pua yake na lugha yake.

Sisemi kwamba wasaliti hawako. Ahithofeli alisaliti kweli. Yuda alisaliti kweli. Lakini angalieni usiku wa Yuda. Wale kumi na mmoja walikula naye miaka, wakatembea naye, na alipotoka mezani walidhani anakwenda kununua vitu vya sikukuu au kuwapa maskini, kwa sababu alishika mfuko. Hakuna aliyemshuku. Na Bwana aliposema kwamba mmoja wao atamsaliti, Mathayo 26:22 inatuambia kwamba kila mmoja alijiuliza kama ni yeye. Petro hakumnyoshea kidole Tomaso.

Torati nayo, Kumbukumbu la Torati 19:15, inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kumtia mtu hatiani, na Mithali 18:17 inaonya juu ya yule anayefika kwanza na maneno yake, anayeonekana mwenye haki mpaka mwenzake aje. Siba alifika kwanza. Na alifika na mkate, hilo msilisahau. Anapokuja mtu na habari ya usaliti wa jirani yako, tazama ameshika nini mkononi, na tazama atapata nini ukiamini. Mara ngapi katika mji huu tumeona masingizio yakianza mdomoni na kuishia kwenye parsele, mtu ametandika mawe ya msingi kwenye kiwanja cha aliyekimbia, au ametoa taarifa juu ya aliyebaki ili achukue kazi yake? Wazee wa kanisa, ninyi hasa. Jina likifika mezani kwenu, mwiteni mwenye jina akae hapo. Kama yuko Kinshasa, mpigieni telefone. Msiligawe shamba lake barabarani.

Daudi hakulimaliza jambo hili vizuri hata aliporudi. Alisema Mefiboshethi na Siba wagawane shamba, nusu kwa nusu, kama mtu aliyechoka na kesi. Mefiboshethi akajibu kwamba Siba achukue yote, kwake yatosha kwamba mfalme amerudi salama. Lakini katika 21:7, siku watu walipotaka damu ya ukoo wa Sauli, na Daudi akatoa wengine saba, huyu kilema hakumtoa. Alikumbuka kiapo alichomwapia Yonathani.

Juma hili someni sura ya 15 hadi ya 19 nyumbani, pamoja na vijana, nao wawaambie wanavyofikiri juu ya wale punda. Sasa tusimame tuombe. Tuwaombee walio mbali na nyumba zao, kwa majina. Tuwaombee waliobaki, kwa majina. Na kama kuna jina ulilolituma mbele katika telefone, anza na hilo.