Ua la Miamba ya Usambara

Leo twataka kunena habari za mmea mdogo ambao wengi wetu huupita twendapo kuchota maji au kuokota kuni, wala hatugeuki kuutazama. Nao ni lile ua la zambarau liotalo juu ya miamba ya milima yetu ya Usambara.

Kimo cha mmea huu hakizidi shubiri moja. Majani yake ni manene, yana manyoya mafupi, ni laini kama mahameli, nayo yamepangika duara kama sahani. Katikati huinuka vikonyo vyembamba vyenye maua. Kila ua lina sehemu tano, mbili za juu ni ndogo na tatu za chini ni kubwa, na ndani mna rangi ya manjano. Walakini hauoti mahali po pote. Hupenda mwamba wenye unyevu, karibu na kijito, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Na mizizi yake haiendi mbali, bali hushika katika nyufa za mawe.

Mwaka 1892, zama za utawala wa Wajerumani, mkuu wa serikali katika nchi ya Tanga, Bwana Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona mmea huu akampelekea baba yake Ulaya. Mwaka 1893 Bwana Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akaupa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya jamaa ile. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza katika kabila la mimea liitwalo Streptocarpus, lakini watu wengi hulishika jina la kwanza. Na Wajerumani huuita Usambaraveilchen, yaani wautaja kwa jina la kwetu.

Faida yake ni pambo la nyumba. Huko Ulaya na Marekani wakulima wameuzalisha hata aina zake zimekuwa maelfu: nyeupe, za waridi, na nyingine zenye pindo. Mtu hununua chungu kimoja akakiweka ndani karibu na dirisha, akafurahi kuona maua wakati theluji imefunika bustani yake. Basi si ajabu hii, kwamba wa mbali waujua mmea wetu kuliko sisi wenyewe? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Labda mtauliza, “Nasi twaweza kuupanda?” Naam, twaweza, ila sisi tulianza kwa ujinga. Tulipopewa mche mmoja na rafiki, tuliuweka juani penye dirisha la ofisi, tukaumwagia maji asubuhi na jioni. Haukupita mwezi ila majani yaliungua na moyo wake ukaoza. Ndipo tulipofundishwa njia iliyo bora.

Chukua jani moja zima pamoja na kikonyo chake, urefu wa kama pingili mbili za kidole. Likate mshazari kwa kisu kikali. Kisha tia katika kopo lililotobolewa chini mchanga uliochanganywa na udongo mweusi wa majani yaliyooza, ukachomeke kikonyo humo. Weka kopo penye mwanga usio na jua kali. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mizizi itatoka baada ya majuma kadhaa, na baada ya miezi miwili au zaidi vitachipuka vimche chini ya jani. Hivyo vitenge, kila kimoja chombo chake. Umwagiliapo, usiloweshe majani, bali simamisha kopo katika sahani ya maji kwa muda, kisha liondoe.

Tazameni basi: jani moja latosha kuzaa miche mingi. Kwa hiyo mtu ang’oaye mmea mzima mwambani, na mizizi yake, afanya uharibifu usio na haja. Tena katika hifadhi ya serikali hatuna ruhusa ya kuchukua hata jani bila idhini. Aliye na mmea nyumbani na amgawie jirani.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hilo. Tulipita siku moja kando ya kijito ambacho miti yake ilikatwa ili pawe shamba. Mwamba ule tulioujua umevikwa maua tuliukuta mtupu, umepata moto wa jua. Bibi mmoja mzee alikuwa akichota kwa kata, kidogo kidogo. Tukamwuliza habari za maua. Akajibu, “Mwanangu, maua yalitangulia, maji yakafuata.”

Maneno hayo hatukuyasahau. Ziko aina za mmea huu zilizo katika kilima kimoja tu duniani. Kivuli chake kikiondoka, hauna pa kukimbilia. Nasi tukiona maua yanakauka mwambani, tusiseme ni maua tu. Hilo ni onyo kwa mtungi wa nyumbani. Basi tulimapo, tuiache miti ya kandokando ya vijito vyetu isimame, ili watoto wetu wakute ua, na maji pia.