Herufi za Mzaha kwenye Asali Isiyo ya Mzaha

Maelezo yaliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Biashara siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Gongoni, Tabora



Tumepewa dakika chache, na wapishi wametuonya kwamba pilau haingoji hotuba. Sisi wa Kamati ya Biashara tumeombwa tueleze jambo moja tu, nalo ni lebo ya asali. Najua wapo watakaonong'ona: miaka kumi ya kuweka na kukopa, leo mnatuletea habari za herufi? Ndiyo, akina mama, tunazileta. Fedha ya kuchapisha lebo itatoka kwenye hisa zetu wenyewe, na lebo ikishazoeleka machoni pa mteja, kuibadilisha ni kazi kama ya kuanza biashara upya.

Asali yetu mnaifahamu. Inatoka kwenye miombo ya Sikonge na Uyui, ni nyeusi, nzito, na harufu yake haihitaji tangazo. Tatizo liko kwenye chupa. Hapa mjini asali inauzwa kwenye chupa za maji na za pombe kali zilizooshwa, na abiria wa treni akiishika huigeuza juu chini, anauliza: "Mama, hii ni asali kweli au sukari guru?" Swali hilo linatuumiza kwa sababu hatuna cha kujibu zaidi ya kuapa. Lebo ndiyo inayotakiwa ijibu kwa niaba yetu, hata pale ambapo sisi hatupo.

Vijana wetu wanaojua kompyuta wakatusaidia kutengeneza mifano. Wao walipenda fonti za mzaha, yaani zile herufi nene, za mviringo, zinazoruka juu na chini kama watoto kwenye kamba. Hoja yao ni ya kweli: duka limejaa vitu, na jicho la mteja huenda kwenye kile kinachochekesha kidogo. Tusiwabeze. Mzaha katika biashara haukuletwa Unyanyembe na kompyuta. Mzungu Burton, aliyefika hapa Kazeh mwaka 1857, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 majina ya shanga zilizobebwa na misafara. Shanga nyekundu za samisami zilikuwa na majina ya utani, moja lenye maana ya kimaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kutoa mlo wake azipate, na jingine kivunja mji, eti kwa sababu ya sisi wanawake! Tuyaache ya eti, lakini mfanyabiashara yule alijua kazi yake. Jina lilichekesha, na shanga yenyewe ilikuwa ile ile ambayo mnunuzi aliitaka.

Tazameni pia khanga mlizovaa leo. Ina pindo, ina mji, na ina jina. Maneno ya jina yana kejeli, yana mahaba, yana vijembe vya kumliza jirani. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja haya ya Kirumi, na mpaka leo mengi huandikwa kwa herufi kubwa, zilizonyooka, ambazo mtu anazisoma akiwa ng'ambo ya barabara na mvaaji anatembea. Na ile khanga ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, wanawake walitafuta kwanza maandishi ya "Mali ya Abdulla" ndipo wakatoa fedha. Kwa hiyo khanga ina utani kwenye maneno, lakini herufi zake hazijifichi. Sisi tuliona hilo ni somo kubwa kuliko yote tuliyosoma kwenye kompyuta.

Kisa kimoja cha kompyuta hata hivyo kinafaa. Ipo fonti maarufu iitwayo Comic Sans, ambayo wengi mmeiona kwenye kadi za harusi na matangazo ya shule za chekechea. Aliitengeneza Vincent Connare wa kampuni ya Microsoft mwaka 1994, baada ya kuona programu moja ambamo mbwa wa katuni alikuwa anazungumza kwa herufi za gazeti. Akaona haiwezekani, mbwa hasemi hivyo! Basi na sisi tukajiuliza: kwenye chupa yetu, ni nani anayesema? Ni mama wa Tabora, mtu mzima, mcheshi, lakini ukimuuliza uzito wa asali yake hachezi.

Tukaamua kufanya jaribio. Tulibandika mifano mitatu kwenye chupa tatu, tukaziweka mezani, tukawaomba bibi zetu wa kikundi wasimame hatua sita na kusoma. Wengine wao, mnajua, walijifunza kusoma kwenye madarasa ya kisomo baada ya serikali kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na vitabu walivyozoea ni vyenye herufi za wazi, kama vile vilivyochapwa na TMP hapo Kipalapala. Mfano wa kwanza bibi mmoja aliusoma "osoli". Wa pili aliutazama muda mrefu, akasema, "Wanangu, hizi herufi zimelewa." Wa tatu aliusoma kabla hatujamaliza kuuliza, akaongeza, "Na hii inacheka."

Kwetu sisi jambo lilikuwa limekwisha. Asali inayochujwa na mikono ya bibi yule haiwezi kubeba jina ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisoma. Mteja akimuuliza "hapa pameandikwa nini?" naye akababaika, asali ni ya nani hapo?

Mfano huo wa tatu una herufi nene za mviringo, lakini kila moja imesimama chini, kwenye mstari wake. Herufi a haifanani na o. Hilo kwa Kiswahili ni kubwa, maana maneno yetu yamejaa irabu na ukikosea moja tu umepata neno jingine. Tuliangalia pia kama fonti ina alama ya ng' inayoonekana, kwani nyingi za mapambo huimeza, na kama 1 haifanani na 7. Halafu tuliitoa fotokopi nyeusi na nyeupe. Zile zenye mikia myembamba zilikatika, na sisi hatutakuwa na fedha ya kuchapa kwa rangi kila msimu. Jingine ni kwamba maandishi ya kahawia juu ya plastiki angavu yanapotea kabisa asali nyeusi ikishaingia ndani, kwa hiyo lebo iwe na karatasi nyeupe nyuma yake.

Kuhusu haki ya kutumia, tuwe macho. Fonti nyingi zinazopakuliwa bure kwenye intaneti ni bure kwa matumizi binafsi tu, biashara hulipia. Zipo zenye leseni huria zinazoruhusu biashara, kwa mfano Baloo na Fredoka, na hiyo tuliyoipenda ni mojawapo.

Pendekezo letu basi ni hili. Fonti ya mzaha ibebe jina peke yake, mbele ya chupa, kubwa. Uzito, tarehe ya kufungasha, mwisho wa matumizi, na mahali asali ilipofungashwa, viandikwe kwa herufi za kawaida, hata wino ukiwa mmoja. Hayo ndiyo atakayoyatafuta mkaguzi wa TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wenye kazi ya vyakula iliyokuwa ya TFDA, na ndiyo anayoyatafuta abiria mwenye wasiwasi wa sukari guru. Jina lenyewe likishapita kwenu tutalipeleka BRELA.

Wapo ndani ya kamati waliotaka herufi zinazoruka, na hawajabadili mawazo. Wanasema vijana ndio wanunuzi wa kesho. Ni haki yao kusema, na ndiyo sababu hatukuamua wenyewe. Chupa zote tatu ziko pale mezani karibu na sanduku. Kila mwanachama achukue punje moja ya mahindi, aiweke kwenye bakuli la chupa anayoitaka, kabla ya chakula. Aliyeshindwa kuisoma aseme bila haya, tutaandika.